Kilomita 11,840 kutoka Nairobi hadi New York: mbona kila mahali wanataja saa tofauti?

"Mama yangu ana miaka 67, na tunaishi Mombasa. Januari anakwenda New York kwa dada yangu aliyejifungua. Hajawahi kupanda ndege. Nimetafuta umbali wa Nairobi hadi New York nikaambiwa ni kilomita 11,840, safari ya saa 13 na dakika chache. Tiketi ya moja kwa moja imeandikwa saa 15. Ya kupitia Amsterdam ni saa 20, ya Doha saa 22. Tena hiyo ya moja kwa moja inaondoka 23:25 na kufika 06:25, ambazo kwangu ni saa 7 tu. Kurudi inaondoka 12:25 na kufika 10:25 ya kesho yake, ambazo ni saa 22. Na kwenye ramani New York iko magharibi, mbona mstari wa ndege umechorwa kupanda juu, kuelekea Sahara? Mama ana kisukari, anajidunga insulini, na miguu humvimba akikaa sana. Nishike hesabu ipi, na nimkatie tiketi gani?"

Ndugu yangu, hongereni kwa mtoto. Hesabu zote ulizoandika ni za kweli, ila kila moja inapima kitu chake, na hakuna hata moja inayopima kile unachokitaka hasa, yaani Mama atafika akiwa na hali gani. Nimefanya kazi ya kupanga njia za ndege kwa miaka mingi, ile kazi ya kukesha ofisini ukitazama upepo na kupima mafuta ili rubani akabidhiwe karatasi ya njia kabla hajawasha injini. Swali lako naletewa mara kwa mara na watu wanaosafirisha wazazi wao, na sioni ajabu, maana tovuti zinatoa tarakimu bila maelezo.

Tuanze na hizo kilomita 11,840. Huo ni umbali wa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy. Ramani ya ukutani inakupotosha kwa sababu imelazimisha kitu cha duara kilale kwenye karatasi. Chukua chungwa, weka alama ya Nairobi karibu na katikati yake na ya New York upande wa juu kushoto, kisha vuta uzi kati ya alama hizo mpaka ukaze. Utauona uzi wenyewe unapanda. Ndege ikiufuata uzi huo, inaondoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, inapita Sudan Kusini, Darfur, Chad, inakata jangwa la Algeria, inaiacha Morocco nyuma na kuingia Atlantiki, halafu inapita karibu na visiwa vya Azores. Njia ya kwenda magharibi tu juu ya Kongo, kisha kukunja kulia baharini, ingekuwa ndefu zaidi, ijapokuwa machoni inaonekana imenyooka.

Lakini hakuna ndege inayoufuata uzi huo barabara. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na anga ya Libya mashirika mengi huikwepa. Ndege hulazimika kuzunguka, na kila mzunguko huongeza kilomita. Kwa hiyo 11,840 ichukulie kuwa kiwango cha chini kabisa. Siku ya safari Mama ataruka zaidi ya hapo.

Zile saa 13 zimetoka wapi? Tovuti imechukua kilomita ikagawa kwa mwendo wa 900 kwa saa, basi. Haikuhesabu dakika ambazo ndege inajivuta uwanjani kusubiri zamu, wala muda wa kupanda na kushuka, ambapo haijafikia mwendo huo. Wala haikuhesabu upepo, na upepo ndio mwenye neno.

Wewe ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo hili utalielewa upesi. Majahazi yalikuja kwetu kutoka Arabuni na kaskazi, yakarudi na kusi. Nahodha hakuuliza maili peke yake, aliuliza pepo. Huko juu ni vivyo hivyo. Kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, hasa ukishafika upande wa Sahara na Atlantiki, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini, Januari ikiwemo, huwa na nguvu zaidi. Mama akienda New York atakuwa na upepo wa omo, unaomkabili usoni. Akirudi atasukumwa nao. Tuseme kwa wastani wa safari nzima upepo umeipunguzia ndege kilomita 60 kwa saa: mwendo juu ya ardhi unabaki 840, na hizo 11,840 zinachukua saa 14 na dakika 6. Ongeza mizunguko, kupanda, kushuka na kusubiri uwanjani, unafika saa 15 za tiketi. Kurudi upepo unapokuwa nyuma zinakuwa kama 14. Nguvu ya mikondo hii si ndogo: Februari 2020, dhoruba ilipokuwa inavuma Atlantiki, ndege ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa muda usiotimia saa 5, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa 6 na nusu au 7.

Kuna jambo jingine linalohusu Nairobi yenyewe, na watu wengi hawalijui. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na kitu juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na hewa nyepesi inazipa mbawa nguvu ndogo ya kuinua na injini nguvu ndogo ya kusukuma. Ndege iliyojaza mafuta ya kufika New York ni nzito mno, kwa hiyo inahitaji njia ndefu ya kurukia, na ile ya Nairobi inazidi kilomita 4. Kuondoka usiku pia kunasaidia, maana hewa ya baridi imeshikana zaidi kuliko ya mchana. Tazama Addis Ababa, iliyo juu zaidi, kama mita 2,300: kwa miaka mingi ndege ya Ethiopia ya kwenda Washington ilitua Dublin kujaza mafuta, lakini ikirudi ilikuja moja kwa moja. Ndege ileile na umbali uleule, isipokuwa ikirudi ilianzia chini na ikasukumwa na upepo. Kwa sababu hiyo safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi, ambayo Kenya Airways iliianza tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787, si jambo dogo kiufundi. Usishangae siku fulani wakipunguza mizigo ili uzito ukubali.

Sasa saa za kwenye tiketi. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji husika: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Kwa hiyo ukiona zimepita saa 7 za karatasi, jumlisha 8 upate 15. Kurudi umeona saa 22, toa 8 upate 14. Angalia pia kwamba wenzetu husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, na sisi hatusogezi. Mama akirudi baada ya hiyo Jumapili ya Machi, tofauti itakuwa saa 7.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu wakiachwa na ndege kwa jambo hili kuliko kwa foleni ya magari ya Nairobi. Tiketi inaandika 23:25, sisi tunasema saa 5 na dakika 25 usiku. Hilo ni jepesi, unatoa au kujumlisha 6. Ugumu unakuja tiketi inaposema, kwa mfano, Ijumaa 00:40. Kijana wa siku hizi anasoma "Ijumaa usiku", anakwenda uwanjani Ijumaa jioni na masanduku yake, anaambiwa ndege imeondoka usiku wa kuamkia leo. Marehemu baba yangu yalimkuta hayo, na tiketi niliisoma mimi, nikamwambia siku isiyo yake. Kwa wazee wetu wa pwani siku mpya inaingia na magharibi, kwa hiyo Mama akisikia "usiku wa Ijumaa" huenda akafahamu usiku unaotangulia Ijumaa, na hapo yeye ndiye atakuwa sahihi. Lakini tiketi ikisema Alhamisi 23:25, kwake usiku huo pia ni wa Ijumaa, wakati karatasi inasema Alhamisi. Ili msipishane nyumbani, acheni kabisa kusema "Ijumaa usiku". Semeni "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa", na mtaje saa anayopaswa kuwa uwanjani badala ya saa ya ndege kuruka. Kwa safari hii awe pale saa 2 usiku.

Tuje kwenye uchaguzi wa tiketi. Nimekupimia njia zote mbili za kuunganisha. Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680, na Amsterdam hadi New York 5,850. Jumla inazidi njia fupi kwa kilomita 700 hivi, ambazo si nyingi, kwa sababu Ulaya haiko mbali na ule uzi wa chungwa. Doha ni habari nyingine: kilomita 3,350 kwenda Doha, kisha 10,770 hadi New York, ziada ya karibu 2,300. Mtu anaruka kwenda kaskazini-mashariki ili aje aende magharibi.

Wengi hudhani kuunganisha ndege popote kunampumzisha mzee. Si kweli kila mara. Ukipitia Doha, Mama anakaa saa 5 kwanza, anashuka, kisha anakaa tena kama saa 14 kwa mkupuo. Yaani safari ndefu iko palepale, ila umeiongezea nyingine mbele yake. Amsterdam ndiyo inayoikata safari karibu katikati, kama saa 8 na nusu kisha 8 na kidogo. Kama shida ni miguu tu, ukataji huo una maana. Gharama yake ni uwanja mkubwa, ukaguzi wa pili, na mwendo mrefu kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ndege na yuko peke yake. Pia masharti ya viza ya kupita hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi na shirika la ndege kwa pasipoti yake hasa kabla hujalipa.

Mimi ningemkatia ya moja kwa moja, akiruhusiwa na daktari. Anapanda Nairobi, anashuka pale binti yake alipo, hakuna lango la kutafuta katikati. Daktari akisema asikae zaidi ya saa 9 au 10 mfululizo, mkatie ya Amsterdam yenye mapumziko yasiyopungua saa 3, na iwe tiketi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usinunue tiketi mbili tofauti ukaziunganisha mwenyewe ili kuokoa pesa. Ndege ya kwanza ikichelewa, mwenye tiketi moja hutafutiwa ndege nyingine na shirika. Mwenye mbili huhesabiwa kuwa hakutokea. Ya Doha ningeiacha, hata ikiwa na bei rahisi kidogo, ingawa huduma yao naiheshimu. Kwa Mama huyu njia yenyewe ndiyo haifai.

Kwa njia yoyote, omba kiti cha magurudumu siku unayokata tiketi na uthibitishe siku 2 kabla. Hakitozwi pesa, na wala si lazima mtu awe hawezi kutembea. Watu hukiogopa kwa kuona aibu, lakini anayemsukuma ndiye anayejua njia, anampitisha kwenye ukaguzi na uhamiaji, na anamfikisha nje kwa dada yako. Kwa mama ambaye ni mara yake ya kwanza, huyo mtu ana thamani kuliko kilomita zote nilizokuhesabia.

Kuhusu afya nitasema ninayoyajua kutokana na kazi, lakini mwenye kauli ni daktari wake, na aonane naye ana kwa ana wiki 4 hivi kabla ya safari. Safari yoyote inayozidi saa 4 za kukaa huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Kwa watu wengi hatari hiyo ni ndogo, lakini kwa aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mwenye saratani si ndogo. Miguu yake inayovimba yapasa ichunguzwe sababu kwanza: inaweza kuwa kukaa tu, inaweza kuwa moyo au figo. Usimnunulie soksi za kubana dukani kwa kuwa umeambiwa ni nzuri. Mwenye kisukari huenda mishipa inayopeleka damu miguuni imepungua upana, na soksi hizo zikamdhuru. Daktari ampime kwanza. Wala msimpe aspirini kwa kujiamulia. Anachoweza kufanya bila ruhusa ya mtu ni kuchagua kiti kilicho kando ya njia ya kupita, kuinuka kila baada ya saa 1 au 2 akiwa macho, kuchezesha vifundo vya miguu akiwa amekaa, na kunywa maji, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana.

Insulini ndilo jambo la kuulizia kwa makini. Akienda magharibi, siku yake ya kalenda itakuwa na saa 32 badala ya 24, akirudi itafupika. Dozi haziwezi kufuata saa ya ukutani bila mpango, na mpango huo hutegemea aina ya insulini anayotumia, kwa hiyo daktari auandike kwenye karatasi: dozi ya kwanza saa ngapi kwa saa za Nairobi, ya pili saa ngapi, na lini aanze kufuata saa za New York. Dawa zote, sindano na kipimo cha sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, ambako insulini inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Abebe barua ya daktari kwa Kiingereza yenye majina ya dawa, na dawa zikae kwenye vifungashio vyake vya asili. Na ile insulini ya chakula asijidunge mpaka sahani iwe mbele yake. Ndege ikitikisika, wahudumu husimamisha chakula, na yeye atakuwa ameshajidunga na hana cha kula. Awe na biskuti, tende na kitu cha sukari ya haraka mfukoni.

Labda unaogopa pia hewa ya juu. Ndani ya Boeing 787 hewa husindikwa iwe kama ya mahali palipo mita 1,800, juu kidogo tu ya Nairobi. Ndege za aina nyingine hufika hadi mita 2,400, kama Nyahururu. Kama Mama anapanda ngazi bila kuhema, hapo sina wasiwasi naye. Kama anahema akitembea kidogo, mwambie daktari jambo hilo kabla ya mengine yote.

Akishafika, dada yako ajue dalili hizi: mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, ukauma au ukawa wa moto, hata wiki 2 au 3 baadaye, au kifua kubana na pumzi kukatika ghafla. Hizo si za kulala nazo mpaka asubuhi, ni za kwenda hospitali saa ileile. Miguu yote miwili kuvimba kidogo na kupungua baada ya siku moja au mbili ni kawaida.

Mwisho, asitoke Mombasa siku hiyohiyo ya safari. Aje Nairobi siku moja kabla, kwa ndege au kwa treni ya SGR inayoishia Syokimau, si mbali na uwanja, alale kwa ndugu, aamke mchana bila haraka. Mwandikie karatasi moja yenye anwani na simu ya dada yako, ile atakayoulizwa na afisa wa uhamiaji, aishike pamoja na pasipoti. Ukishapata jibu la daktari kuhusu miguu na ratiba ya insulini, niandikie tena kabla hujalipa, pamoja na tarehe unazozifikiria, nami nitakutazamia saa za kuunganisha kama itabidi apitie Amsterdam.